Mama Jane Anakwenda Kuona

Majirani wa Winfrida, kule Kihonda, walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba ana mwanamume. Maelezo mengine hawakuyaona. Mke wa mtu, mumewe Charles yuko barabarani na lori la Tunduma, na yeye Jumamosi asubuhi anafunika cherehani yake, anavaa gauni la kitenge lililopigwa pasi, anachukua mwavuli na mkoba, anapotea mpaka jioni. Hakwenda sokoni, maana anarudi bila mfuko. Hakwenda msibani, maana hakujitanda kanga. Basi ni mwanamume. Winfrida aliyasikia maneno hayo kupitia dirishani akiwa anashona sare za shule, na yalimchoma hasa kwa sababu hayakuwa kweli. Yangekuwa kweli, alisema, angalau angekuwa na mtu wa kumshikia mwavuli.

Ukweli ni kwamba alikuwa anakwenda kuona. Hakuwa na jina jingine la jambo hilo. Mtu akimuuliza njiani, "Mama Jane, wapi tena?" alijibu, "Nakwenda kuona." Kuona nini, hakusema, kwa kuwa mara nyingi na yeye hakujua mpaka afike.

Lilianza kwa woga. Binti yake Jane alipokwenda chuo Dodoma, alikuwa akipiga simu jioni na kusema yuko kafe na wenzake. Winfrida ameishia darasa la saba. Alikuwa amezipita kafe za mjini Morogoro miaka yote bila kuingia hata moja, na usiku wa simu ya kwanza, alipojilaza, alimwona mwanawe ndani ya chumba chenye giza, moshi na wanaume. Hakupata usingizi. Jumamosi iliyofuata akajikaza, akaingia katika kafe moja karibu na sokoni, akachagua kiti kinachoegemea ukuta, akaagiza chai, akatazama. Aliona vijana wamekaa na kompyuta, kila mmoja na kikombe chake kilichopoa zamani. Hakuna aliyelewa. Mlango wa choo ulikuwa na komeo, na komeo lilifanya kazi, alilijaribu mwenyewe. Mlango wa nyuma ulitokea barabarani, kwa hiyo moto ukitokea mtu anapona. Akarudi nyumbani, akalala kama mtoto.

Tangu siku hiyo, Jane akitaja mahali, Winfrida anatafuta mahali pa aina hiyo hapa Morogoro, anakwenda kupakagua. Jane akisema wako duka la vitabu, mama yake anaingia duka la vitabu. Jane akisema wamekwenda kuona maporomoko ya maji, mama yake anapanda mlima kutazama kama ukingo una uzio. Mahali alipokwisha kupaona hapakumtisha tena.

Lakini baada ya muda woga ulipungua, kukabaki kwenda kwenyewe. Aligundua kwamba anapenda. Alipenda harufu ya vitabu vya mitumba vilivyopangwa chini juu ya turubai, na siku moja alinunua kitabu cha ramani kisicho na jalada, akawa anakifungua jioni na kupita na kidole juu ya mito. Alikwenda Turiani ili kuona tu miwa inavyokatwa, akakaa kwenye kibanda cha mama ntilie akisikiliza watu wasiomjua wakibishana habari za mpira. Alishuka Mikese, mahali ambapo basi lilikuwa likisimama miaka yote yeye akinunua ndizi dirishani, kwa sababu alitaka kujua nyuma ya vibanda kuna nini. Kuna reli, na ng'ambo ya reli kuna vilima. Alirudi ameridhika kama mtu aliyepata barua.

Kitu kimoja tu kiliharibu safari zake, nacho hakikukosa. Kila alikoingia, aliulizwa ametumwa na nani. Dukani muuzaji alimuuliza anatafuta kitabu cha mtoto wa darasa la ngapi. Kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea alikatwa kauli kabla hajamaliza salamu: kazi za usafi hazipo, arudi mwisho wa mwezi. Mwanamume mwenye kitambi aliyeingia mbele yake hakuulizwa neno. Kitambi kilikuwa kitambulisho cha kutosha. Winfrida alikuwa akijibu kwa upole kwamba amekuja kukaa, naye anakaa, lakini chai aliyokunywa mahali kama hapo ilimkaa kifuani siku mbili.

Hayo aliyavumilia alipokuwa peke yake. Siku aliyokwenda na dada yake ilikuwa habari nyingine.

Dada yake, Yustina, alikuwa mkulima wa mboga Nyandira, juu huko Mgeta, kabichi na njegere na karoti kwenye matuta yaliyokatwa mlimani. Mumewe Severin alikufa mwaka uliopita. Siku ya mazishi alikuja Mwanvita, jirani yake Winfrida hapo Kihonda, Mnyamwezi wa Tabora, na Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara. Mwanvita alilala katikati ya njia mbele ya jeneza, akasema Mluguru huyu hazikwi mpaka watani wapewe kuku, kwa sababu alipokuwa hai alikuwa bahili, na hata kaburi lake limechimbwa dogo kwa kuogopa kupoteza eneo la kabichi. Watu walicheka huku wanalia. Yustina naye alicheka, na akampa kuku.

Baada ya siku ile hakucheka tena. Watoto wake walisema hatoki. Anakwenda shambani, kanisani, nyumbani, na maneno yake yanaishia kwenye "ndiyo" na "bado". Alikuwa ameanza kulala na viatu miguuni. Winfrida aliposikia habari ya viatu alishikwa na hofu ambayo hakuwahi kuwa nayo hata kwa Jane. Akampigia simu, akamwambia ashuke, watakwenda mahali. Yustina akauliza nani amekufa. Winfrida akasema hakuna aliyekufa, wanakwenda kuona tu. Yustina akasema yeye Morogoro anaijua: soko, hospitali, na stendi ya Msamvu. Winfrida akambembeleza wiki nzima. Mwishoni Yustina alikubali kwa masharti. Atakwenda mara moja hiyo, na pakimshinda asiambiwe tena.

Winfrida alichagua kwa makini kuliko alivyowahi kuchagua chochote. Kwenye mteremko juu ya mji palikuwa pamefunguliwa mgahawa mpya uitwao Bustani ya Mawingu, wenye maua, rafu ya vitabu vya kusoma bure ukiwa unakunywa, na baraza ya mbao inayotazama milima. Alikuwa hajapaingia, lakini alikuwa amepapita nje mara kadhaa na kuhesabu kwamba meza za mbele zinatazama upande wa barabara ya Mgeta. Alitaka dada yake aketi pale, aangalie kwao kutoka mbali, kama watu wengine wanavyopaangalia.

Yustina alishuka Ijumaa na gari la mboga, akalala Kihonda. Asubuhi alivaa kitenge chake cha akina mama wa parokia, akajifunga kilemba, akasimama mlangoni ameshika kikapu kidogo kilichojaa matunda ya pichesi.

Winfrida akauliza hicho ni cha nini.

"Cha wenyeji wetu," Yustina akasema. "Tunakwenda kwa watu, tutaingiaje mikono mitupu?"

Winfrida alijaribu kumweleza kwamba huko hakuendwi hivyo, kwamba mtu anakaa, anakunywa, analipa, anaondoka. Yustina akamtazama kana kwamba ameambiwa kuna nyumba ambayo wageni hawasalimii. Winfrida akaona akishindana naye hapo mlangoni, dada yake atavua kilemba na kulala. Akaacha kikapu kiende.

Getini alikuwapo mlinzi, Rashidi, kijana wa adabu. Aliwaamkia shikamoo, wakaitikia, akawauliza wametoka wapi na kuwasifia pichesi. Winfrida, kama kawaida yake ya kutaka kujua nani yuko ndani kabla ya kuingia, alimuuliza mwenye mahali hapo ni nani. Rashidi akasema mwenyewe yuko Dar, hapa kuna meneja tu, anaitwa Wilfred, Mnyamwezi wa Tabora. Yustina akainua uso. Winfrida aliliona hilo, akafurahi moyoni. Mnyamwezi. Basi wamefika kwa mtani.

Wilfred alikuwa amesimama juu ya ngazi, shati jeupe, ndevu zimechongwa, umri wa mtoto wao. Hakuamkia. Alitazama kikapu kwanza, halafu viatu vya Yustina, halafu akasema kwa sauti ya kusikika meza zote, "Waluguru nyie hamchoki. Kila siku mnashuka na vikapu. Mboga mlango wa nyuma, jikoni."

Mahali pengine pote Winfrida angekaukiwa na mate. Lakini hili alilijua. Hivyo ndivyo Mwanvita anavyomsalimia kila asubuhi uani, tena kwa maneno mabaya zaidi. Akaweka mkono kiunoni.

"Wewe Mnyamwezi," akasema, "babu yako alipita hapa na pembe za ndovu za watu kichwani, analia miguu, sisi ndio tuliompa maji. Leo unanionyesha mlango? Funga mdomo ulete viti."

Rashidi kule getini alipiga kofi la kicheko. Meza mbili tatu zikacheka. Na nyuma yake Winfrida akasikia sauti aliyokuwa hajaisikia mwaka mzima: Yustina alikuwa anacheka, mkono mdomoni, mabega yanatikisika. Yustina akapanda ngazi, akamsukumia Wilfred kikapu kifuani. "Chukua, mtani, ule unenepe. Huko kwenu hamjui matunda, mnajua karanga tu."

Wilfred akapokea kikapu kwa sababu kilikuwa kimeshafika mikononi mwake. Hakushukuru. Winfrida alidhani ndiyo utani wenyewe.

Wakaketi meza ya mbele kabisa. Ukungu ulikuwa umeondoka, na milima ilionekana mpaka mashamba yake. Yustina hakukaa hata dakika moja. Alisimama kwenye ukingo wa baraza akaanza kuonyesha kwa kidole: njia ile, kona ile ambako lori la fulani lilipinduka na karoti zikaviringika mpaka mtoni, Severin akashuka na gunia kuziokota akijifanya ni zake. Alikuwa anazungumza. Alizungumza mwenyewe, bila kuulizwa, na alipolitaja jina la Severin sauti haikukatika.

Hapo ndipo Wilfred alipokuja, akainama kando ya sikio la Winfrida. Safari hii alisema polepole.

"Mama, mimi sina mambo ya utani. Nimezaliwa Dar, hayo ya makabila siyajui. Nilichosema pale ndicho nilichosema. Hizi meza za mbele ni za wageni. Kama mnataka kunywa kitu, hamieni kule nyuma."

Jambo la kwanza lililomjia Winfrida lilikuwa kwamba walicheka. Mtu aliwatukana mbele ya watu, wao wakacheka, wakamjibu kwa furaha, wakampa na matunda juu yake. Wale waliokuwa wamecheka kwenye meza, walicheka nini? Walicheka utani, au waliwacheka wao wawili? Aligeuka kuwatazama, na kila mtu alikuwa ameshainamia simu yake.

Alikuwa na maneno. Yalikuwa yamejipanga mdomoni kama sindano kwenye kitambaa. Lakini Yustina alikuwa bado pale ukingoni anamsimulia mhudumu mmoja habari za karoti, na Winfrida aliona wazi kwamba akifungua mdomo wake tu, yule mwanamke atageuka, ataelewa, atashusha mkono, na hatautoa tena nje ya Nyandira. Akayameza. Akasimama, akamwita dada yake kwa sauti laini, akamwambia huku nyuma kuna kivuli.

Meza ya nyuma ilikuwa kati ya sinki la kunawia na mitungi ya gesi. Mlango wa choo ulifunguka kila mara ukagonga kiti cha Winfrida. Yustina alikaa, akatazama kushoto na kulia, akasema mtani wao ana woga sana, amewaficha jikoni asije akazidiwa maneno tena. Akacheka tena. Winfrida akacheka naye, na kicheko kile kilikuwa kigumu kumeza kuliko tusi.

Vijana wanne wa chuo wakaingia, hawakuuliza, wakaketi ile meza ya mbele. Wilfred aliwapelekea orodha ya vinywaji huku anatabasamu. Kwa akina Winfrida hakuja mtu. Winfrida aliinua mkono, akaushusha, akainua tena. Alikuwa anatazama kila kitu sasa, kama anavyotazama mtu anayesubiri mvua iharibu mahindi: nani anahudumiwa, nani anatazama, Wilfred amesimama wapi. Wilfred alikuwa amesimama nyuma ya kaunta. Alikuwa anakula pichesi. Kikapu cha Yustina kilikuwa hapo kwenye kiwiko chake, naye anamenya kwa kisu kidogo na kula, na maji ya tunda yanamtiririka kidoleni.

Yustina naye aliona, akafurahi. "Mwangalie anavyokula. Alikuwa na njaa, maskini." Akainuka, akasema anakwenda kutazama vitabu.

Winfrida hakuwahi kumzuia. Yustina alisimama mbele ya rafu, akaosha macho kwanza kwa kutazama tu, kisha akatoa kitabu kikubwa chenye picha za maporomoko ya maji, akakifungua kwa ncha za vidole, vidole vyenye ule weusi wa udongo ambao hautoki hata ukisugua kwa jiwe. Wilfred akamwambia kutoka kaunta, "Mama, hivyo ni vya kusoma. Si vya kushikashika."

Yustina hakugeuka hata kugeuka. "Na pichesi zangu ni za kula au za kushikashika?"

Wale wanafunzi waliangua kicheko. Winfrida aliona taya la Wilfred likikaza. Alisimama ili amrudishe dada yake, lakini kiti kilikuwa kimebanwa na mlango wa choo, akachelewa. Yustina alikuwa ameshafika kaunta. Kwenye sahani palikuwa na vipande vya keki vimefunikwa kwa kitambaa chepesi. Akafunua, akachukua kipande kimoja, akauma. Ndivyo mtani anavyofanya. Mwanvita hubeba sufuria ya mboga kutoka jikoni kwa Winfrida ikiwa bado inachemka, na hakuna anayesema neno. Amekula changu, nami nimekula chake.

Wilfred akamdaka mkono.

"Mwizi huyu. Rashidi! Rashidi, njoo huku."

Msichana mmoja kwenye meza ya wanafunzi akainua simu yake kupiga picha. Winfrida alipita hapo, akaibonyeza ile simu mezani kwa kiganja bila kusimama, akaenda mpaka kaunta. Sauti haikutetemeka, jambo ambalo lilimshangaza.

"Mwachie mkono," alisema. "Mwachie kwanza, halafu tuzungumze. Umemwita dada yangu mwizi, na mdomoni una tunda lake. Hata hujalimeza. Amelichuma mwenyewe mlimani, akalibeba kuja kukupa wewe, kwa sababu kwao mtu haingii kwa watu mikono mitupu. Tumekuja hapa kama wageni. Tuna miguu, tuna nauli, tuna hamu ya kuona kama hawa watoto walioketi pale. Hukutuamkia. Umetufukuza mbele, umetuweka chooni. Umetuacha bila maji ya kunywa. Mimi nimenyamaza, na nitajuta kunyamaza. Lakini mwizi, hapana. Hilo neno utalirudisha mdomoni mwako lilikotoka."

Wilfred akaachia mkono. Akatazama huku na huko, akitafuta mtu wa kumuunga mkono, na wote wakawa na kazi kwenye vikombe vyao. Rashidi alikuwa amefika hatua ya chini ya ngazi. Alitazama kaunta, akatazama kikapu, akasema geti limebaki peke yake, akarudi zake.

Yustina bado alikuwa ameshika keki iliyoumwa. Alimtazama Wilfred kwa muda, kwa uso wa mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo.

"Kumbe hukuwa unatania?"

"Nilishamwambia mwenzako," Wilfred akasema. "Mwulize."

Yustina akageuka kwa Winfrida. Yale macho Winfrida hakuweza kuyakwepa. Ndiyo, alijua. Alijua tangu meza ya mbele, na akamwacha dada yake aendelee kucheka na mtu aliyekuwa anamdharau. Alijaribu kusema kwamba alitaka acheke, kwamba mwaka mzima hakuwahi kumsikia akicheka, kwamba aliogopa. Maneno yalitoka vipande vipande.

"Mtu akinitukana, niambie," Yustina akasema. Hakupandisha sauti. "Umeniacha nicheke kama mjinga mbele ya watoto wa watu. Mimi si mgonjwa, Winfrida. Nimefiwa."

Winfrida akangojea kile alichokuwa akikiogopa tangu mwanzo. Yustina akaiweka keki kwenye kaunta, akapangusa vidole kwenye ncha ya kitenge, akachukua mkoba wake. Sasa ataondoka, Winfrida akawaza. Ataomba kupelekwa Msamvu, atapanda gari la kwanza, na kule juu atavaa viatu alale.

Yustina alitembea mpaka mbele. Wanafunzi walikuwa wamechukua meza moja, ya pili yake ilikuwa tupu. Akavuta kiti, kikakwaruza mbao, akaketi akiwa ameelekea milimani. Akakiweka kiti cha pili sawa.

"Winfrida, njoo ukae. Na wewe, baba, leta kahawa mbili. Hiyo keki niliyouma nitailipa, iandike. Na pichesi zilizobaki ziletwe hapa mezani, ni zangu. Sasa sitanii na mimi."

Winfrida alikuwa amesimama katikati ya baraza, kati ya mlango wa kutokea na kile kiti, na kila kitu ndani yake kilimwambia aondoke: watu wanaangalia, meneja anaweza kupiga simu kwa tajiri wake, anaweza kuita polisi, Jane anaweza kumwona mama yake kwenye simu ya mtu huko Dodoma. Akaenda akaketi. Hakuegemea ukuta wowote. Nyuma yake palikuwa wazi kabisa, macho ya watu wote yako mgongoni.

Kahawa ililetwa na mhudumu aliyekuwa amesimuliwa habari za karoti, binti anayeitwa Brenda. Aliwaamkia wote wawili, shikamoo na shikamoo, akaweka vikombe, akaweka kikapu, akanong'ona kwamba amezihesabu na zimepungua tano. Hakusema zimeliwa na nani. Wilfred hakusogea kutoka kwenye kaunta yake wala hakuomba radhi, siku ile wala baadaye, na Winfrida anapenda kulisema hilo waziwazi kila anaposimulia, kwa sababu wapo wanaotaka kumwongezea mwisho mzuri ambao hakuustahili.

Wanafunzi wakaanza kuzungumza tena, kwa sauti ya chini kuliko mwanzo. Mmoja wao aligeuka kama anayetaka kusema neno la kupoza, Winfrida akamtazama, yule akageuka alikotoka. Neno lake lilikuwa na wakati wake, na wakati huo ulikuwa umepita, pale mtu alipokuwa ameshikwa mkono.

Winfrida akainua kikombe. Kahawa ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko ya mahali popote alipowahi kukaa, na hilo likamuudhi zaidi ya yote. Alitaka iwe mbaya. Alitaka kuondoka hapo akisema hata kahawa yao ni maji ya kuoshea vyombo.

Yustina alikunywa yake, macho kwenye barabara ya Mgeta. Hakuwa anatabasamu. Mashavu yalikuwa yamepata rangi na mguu wake ulikuwa unagonga mbao chini ya meza. Hasira ilikuwa imemjaa usoni na ilimpendeza, kama inavyompendeza mtu yeyote aliye hai.

"Jumamosi ijayo unakwenda wapi?" akauliza.

Winfrida akasema hajui, hajapanga, labda hatakwenda popote kwa muda.

"Panga. Nitashuka." Yustina akakata pichesi kwa mkono, akampa nusu. "Nataka kuona na huko kwingine wanatukana vipi."

Winfrida hakucheka. Alikuwa bado anawaka, na alijua ataendelea kuwaka mpaka Kihonda, mpaka kitandani, mpaka wiki nyingine. Akala ile nusu ya pichesi yote, akamwita Brenda, akaagiza kahawa nyingine, kwa sauti ambayo meza zote ziliisikia.